Mayai Kumi na Moja Uliyoyafunga Tumboni

Mama,

Shikamoo.

Nimeanza na salamu kwa sababu hukupenda mtu aingie kwenye maneno kabla hajasalimu, hata awe amekuja kukwambia nyumba inaungua. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Nimekuja Nyantakara kukaa kidogo hapa nyumbani kwako. Mume wangu amebaki Kanazi na ng'ombe wake, amesema nikae mpaka moyo utulie. Asubuhi nikiamka bado napita kwanza mlangoni kwako nikusalimu. Nasimama, nakumbuka, nageuka.

Nikupe habari za hapa. Deo ameziba ule ufa wa ukuta wa jikoni ambao wewe ulikuwa ukimkumbusha kila Krismasi auzibe. Aliuziba siku ya nne baada ya mazishi, peke yake, hakutaka mtu amshikie hata ndoo ya udongo. Pasko alirudi Kahama kazini baada ya matanga. Anapiga simu kila Jumapili, anauliza habari za kuku kabla hajauliza habari zangu. Wako salama wote. Mtetea mmoja ameanza kuatamia chini ya kitanda chako na sikuwa na moyo wa kumtoa.

Wajukuu wa Deo wanaingia kila mara kumchungulia. Neema, yule wa miaka mitano, aliniuliza juzi, "Bibi, nani alikufundisha kuhesabu siku za mayai?" Nikamwambia ni wewe. Akauliza ulinifundisha vipi. Nikaanza kumsimulia, na katikati ya maneno nikanyamaza, maana niliona kwamba habari yenyewe sijawahi kukwambia wewe. Ulikuwepo, ulijua kila kilichotokea. Lakini yaliyokuwa kichwani mwangu siku zile hukuyajua, au labda uliyajua ukanyamaza. Kwa hiyo nimekaa kwenye kigoda chako na daftari la mtoto, nakuandikia.

Ulikuja kwetu mwaka mmoja kabla ya vita. Mama aliyenizaa alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, akijifungua, na mtoto akaenda naye. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Deo saba, Pasko mitatu. Baba alikwenda upande wa Geita kuuza ngozi, akarudi na habari kwamba ataoa. Ulishuka kwenye lori na sanduku la bati, mto wa pamba, na kuku mmoja mwekundu ndani ya tenga.

Jioni ile ile kijiji kizima kilikujua. Nyumba zetu zilikuwa zimepangwa mistari, mlango unatazama mlango, tangu walipotuhamisha kutoka mashambani kwetu na kutuweka pamoja. Hapakuwa na neno la siri. Walisema wewe ni Msukuma wa nchi ya pamba. Walisema mume wako wa kwanza alikurudisha kwenu kwa sababu mlikaa miaka sita bila mtoto. Walisema baba yangu ameoa mpishi.

Nyumbani sisi tulisema Kisubi, wewe Kisukuma. Tulikutana kwenye Kiswahili, changu cha shule na chako cha sokoni, na chako hakikuwa na r. Ulisema "habali". Ulisema "halaka". Mimi nilikuigiza mbele ya rafiki zangu kisimani, wakacheka, nikaendelea, na nilipogeuka ulikuwa umesimama nyuma yangu na ndoo. Ulichota maji, ukajitwisha, ukaondoka. Wala hukumwambia baba. Nimelibeba hilo miaka yote hii, Mama. Nisamehe.

Sikukuita mama wakati ule. Sikukuita chochote. Nikitaka kukwambia jambo nilisubiri mpaka unitazame.

Kisha vita vikaja. Baba alikuwa mgambo, na mgambo waliitwa mapema. Walikusanyika ofisi ya kijiji asubuhi, lori likaja likiwa tayari lina watu wa vijiji vya mbele. Baba alimshika Pasko kichwani, akamshika Deo, akanishika mimi. Kwako alisema maneno mawili tu: "Watoto hao." Nawe ukajibu, "Nimewaona." Nilikasirika. Nilitaka ulie kama wake wa wenzake.

Baada ya hapo Pasko akaacha kusema. Alikuwa ametimiza miaka minne, mtoto wa maneno mengi, mwenye kuuliza hata mbuzi wanaitwa nani. Akanyamaza kabisa. Alikaa kizingitini akitazama barabara, na gari likisikika anasimama, likipita anakaa. Uji aliukataa. Majirani wakaja na maneno yao mazuri: Baba anarudi kesho kutwa, Baba analeta pipi, kula uji Baba akukute mnene. Alikuwa anawatazama midomo tu.

Wewe hukumwambia lolote la namna hiyo. Wiki ile kuku wako mwekundu alikuwa amefikisha mayai kumi na mawili kwenye lile kapu bovu nyuma ya mlango, akakaa juu yake, hataki kutoka. Ukamshika Pasko mkono, ukamkalisha mbele ya kuku, nawe ukakaa. Ukatuita na sisi wawili.

"Huyu analalia," ulisema. "Siku ishilini na moja. Hali ovyo, hatembei ovyo. Tutamhesabia."

Ukampa Deo kipande cha mkaa achore mstari ukutani kila asubuhi. Mimi ukanipa kazi ya maji na chenga za mahindi. Pasko ukampa kazi ya kumtazama kuku, kama kwamba hilo nalo ni jambo la kufanywa na mtu maalumu. Na akalifanya. Alihama kizingitini akaenda nyuma ya mlango. Siku ya tatu nilimwona anakula uji pale pale, anamwekea kuku tone moja, anakula mengine yeye.

Deo ndiye aliyeuliza. "Hawa wakitoka ndipo Baba atarudi?"

Nilikuwa nakutazama. Nilitaka useme ndiyo. Kila mtu mzima pale kijijini angesema ndiyo.

"Sijui," ulisema. "Siku za mayai nazijua. Za baba yenu sizijui. Siku nikijua nitawaambia siku hiyo hiyo."

Nilikuchukia kwa jibu lile, Mama. Nakuandikia ujue. Nilitoka nje nikajisemea kwa Kisubi kwamba huna moyo. Leo nina miaka hamsini na zaidi, nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote, na sijaona mtu mwingine aliyemheshimu mtoto kiasi kile.

Siku ya kumi nguchiro aliingia. Ilikuwa mchana, wewe ulikuwa mtoni, sisi tulikuwa uani tunacheza. Tulisikia kelele za kuku, na tulipofika mnyama alikuwa anapenya chini ya mlango wa nyuma, na kuku amelala pembeni, shingo imeliwa. Yai moja lilikuwa limevunjika. Deo akaanza kulia. Pasko alisimama na mikono yake imejishika tumboni.

Uliporudi uliweka ndoo chini, ukatazama, ukapiga magoti. Hukuuliza nani aliacha mlango. Ni mimi niliyeuacha. Uligusa yai moja ukaliweka kwenye jicho, hivi, kwenye ukope uliofumba. Ukagusa la pili, la tatu.

"Bado wana joto," ulisema. "Yustina, niletee mto wangu."

Nikauleta. Ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuja navyo, umeshonwa kwa kitambaa cha maua, umejaa pamba ya shamba la mama yako. Ukaukata kwa wembe upande mmoja, ukatoa pamba yote, ukaijaza kwenye kapu lile jingine la kubebea mahindi. Ukachemsha maji, ukayapooza, ukayatia kwenye kibuyu, ukaweka kibuyu katikati na mayai kumi na moja kukizunguka, pamba juu, blanketi juu ya pamba. Ulichora msalaba wa mkaa upande mmoja wa kila yai na duara upande wa pili, ukatuambia asubuhi yote yawe msalaba juu, mchana duara, jioni msalaba, na mkono usiooshwa usiguse kitu.

"Kuku amekufa," Deo alisema. "Nani atawalalia?"

"Sisi."

Yule kuku tulimla, njaa ilikuwepo. Pasko alikataa nyama, ukamwacha, ukampikia kiazi.

Siku zile hukulala usingizi mzima hata mara moja. Nilikusikia ukiamka kubadili maji ya kibuyu. Asubuhi macho yako yalikuwa mekundu, lakini mkono ulipoingia kwenye kapu ulikuwa mpole kama wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Ulitufundisha kupima joto kwa ukope, maana kiganja cha mkulima ni kigumu, kinadanganya. Yai likiwa baridi ukope unajua. Likiwa la moto sana ukope unajua. Pasko akawa hodari kuliko sisi sote. Ulimwamini. Alipotikisa kichwa, ulibadili maji.

Shida ilikuwa zamu ya kijiji. Wiki ile kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kupukuchua mahindi ya shamba la pamoja pale ghalani, na nyumba yetu mtu mzima ulikuwa wewe peke yako. Kutuachia watoto maji ya moto hukutaka. Kwa hiyo asubuhi uliyafunga mayai tumboni. Uliyapanga kwenye kitenge pamoja na pamba, ukajifunga vizuri, ukajifunga kitenge cha pili juu, ukatembea taratibu mpaka ghalani na sisi watatu nyuma yako. Shule zilikuwa zimefungwa.

Wanawake walikuona, mikono ikasimama kwenye mahindi. Nilijua wanachofikiri. Mama mmoja mwenye roho nzuri alisema, "Hongera, dada. Mungu amekukumbuka."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nilijua walichokuwa wakikusema kisimani, na baadhi ya maneno niliyasema mimi.

Ukakaa chini polepole, ukachukua hindi la kwanza. "Asante," ulisema.

"Miezi mingapi?"

"Siku kumi na moja."

Wakatazamana. Ukaendelea kupukuchua. "Na wao ni kumi na moja," ulisema, ukafunua pindo la kitenge, yai moja likaonekana na msalaba wake.

Kicheko kilichotoka pale ghalani, Mama, nakisikia hadi leo. Kilianza kwako. Ulicheka mpaka ukashika tumbo kwa mikono miwili kuyazuia mayai. Mwanamke ambaye kila mtu anamhesabia tumbo lake, na wewe umelifunua mbele yao na kucheka. Bibi mmoja mzee aliinuka pale alipokuwa amekaa, kwenye ukuta uliopigwa na jua, akakwambia uhamie hapo, watoto wasipate baridi. Toka siku hiyo mahali pale pakawa pako. Na toka siku hiyo nikaanza kukutazama kwa siri, kama mtu anayetazama kitabu cha mwenzake darasani.

Siku ya kumi na tatu ulifunga madirisha yote mchana. Kwenye ubao wa dirisha la baba palikuwa na tundu la msumari, na jua lilipita pale likiwa jembamba kama kijiti cha ufagio. Ukaweka yai kwenye lile tundu. Ukatuita mmoja mmoja. Ndani ya yai palikuwa pekundu, na mishipa imetawanyika kama mizizi, na katikati kitu cheusi kilichojisogeza. Deo alirudi nyuma akagonga kichwa ukutani. Pasko hakurudi nyuma. Alisogea mpaka pua ikagusa ganda.

"Anatuona?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu lori liondoke. Mimi nilitaka kupiga kelele. Wewe ulinishika mkono, ukanibana, nikanyamaza. Ukamjibu kama vile alikuwa akiongea siku zote.

"Bado hajafungua macho. Lakini anasikia."

Mawili yalikuwa matupu, mwanga ulipita tu. Ukatuonyesha hayo nayo, ukayatoa. Yakabaki tisa, na Pasko akaanza kuyasemesha. Aliyasimulia habari zote alizokuwa amezifungia: lori, mbuzi, nguchiro. Aliyaambia Baba yuko vitani na hatujui siku zake.

Siku ya kumi na tisa ulitia maji ya uvuguvugu kwenye karai ukayaweka mayai humo moja moja. Yakaelea, na ghafla yakaanza kucheza, kila yai linajitikisa kivyake, na hakuna aliyeligusa. Moja tu lilitulia. Ulilitazama muda mrefu, ukalirudisha kwenye kapu pamoja na mengine, na mimi nikaelewa kwamba hujakata tamaa nalo.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, Pasko alikuwa ameweka sikio. Akasema, "Linaongea."

Tukaweka masikio sote. Sauti ndogo, kama mtu anayefyonza meno mbali. Saa nne hivi ufa wa kwanza ukatokea kwenye yai la pembeni, ufa kama nyota, halafu tundu, halafu ncha ya mdomo ikipumua. Na halafu hakuna kitu. Saa nzima. Kifaranga anadonoa mara moja, anapumzika. Deo hakuweza kuvumilia, akapeleka kucha amenye ganda.

"Mikono nyuma," ulisema. "Wote."

Tukaweka mikono nyuma. Nawe ukaweka yako nyuma.

"Damu yake bado iko kwenye ganda. Anaivuta ndani kidogo kidogo. Ukimtoa wewe, unamuua. Lazima atoke mwenyewe."

"Na akichoka?"

"Atapumzika."

Tulikaa hivyo, watu wanne, mikono nyuma, mbele ya kapu, mpaka jua likahama mlangoni. Chakula hakikupikwa. Wa kwanza alitoka mchana, amelowa, mbaya kweli, shingo haimshiki, akaanguka kifudifudi kwenye pamba ya mama yako. Ulilia. Machozi yalikuwa yanashuka na mikono bado iko nyuma, huyafuti. Mpaka asubuhi ya pili walikuwa wanane. Walipokauka walikuwa wa njano na weusi na mmoja mwekundu kama marehemu.

La tisa halikufunguka. Tulilingoja siku moja zaidi. Kisha ulikaa nasi uani ukalivunja polepole mbele yetu. Jirani alikwambia usiwaonyeshe watoto kitu kama kile. Ulimjibu kwa heshima, ukaendelea. Kifaranga alikuwa amekamilika, ana manyoya, ana kucha.

"Amekufa," ulisema. "Hakuna aliyekosea. Na hatuwezi kumludisha."

Pasko aliuliza kama anaumwa. Ukasema hapana, haumwi tena. Tukamfukia karibu na migomba.

Nimesimulia hili mara nyingi kwa walimu wenzangu, na kila mara nafika hapa nasita, kwa sababu najua kinachofuata.

Vifaranga walikuwa wamekuwa kuku kamili, sita kati yao, wawili walichukuliwa na mwewe. Katibu wa kijiji na balozi wetu wa nyumba kumi walikuja asubuhi, kofia mkononi. Uliwapa viti. Sisi tulikuwa nyuma ya nyumba, tulisikia. Balozi alisema maneno machache, na wanawake wa nyumba za jirani walikuwa tayari wameshaanza kusogea, wakijua wamekuja kulia.

Ulisimama mlangoni ukawazuia kwa kiganja. "Naomba mngoje," ulisema. "Watoto wangu wasikie kwangu kwanza, kabla hawajasikia kilio."

Watoto wangu. Ulisema hivyo, nami nilisikia hata katika saa ile.

Ulikuja nyuma ukapiga magoti tukawa sawa. "Niliwaambia siku nikijua nitawaambia. Baba yenu amekufa vitani. Hataludi."

Pasko alikutazama. "Hatuwezi kumrudisha?"

"Hatuwezi."

Akaja akakukumbatia shingoni. Deo naye. Mimi nilisimama pale pale nilipokuwa. Kisha ulilia kwa sauti, kama walivyolia wake wengine siku ile ya lori, na kilio cha kijiji kikajibu. Mwili wa baba haukuletwa. Hatujui alipolala.

Baba mkubwa alikuja kutoka Rulenge kwenye matanga. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema alifikiri hivi: mimi niende kwake, Deo kwa shangazi, Pasko atapata wa kumlea. Hukubishana naye. Ulimwomba angoje mavuno yaishe. Na kabla mavuno hayajaisha akaja kaka yako kutoka kwenu, siku mbili njiani, ya mwisho kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alikaa, akanywa maji, akaanza kusema nawe Kisukuma. Ukamsimamisha.

"Sema Kiswahili, kaka. Watoto wasikie. Jambo lenyewe ni lao."

Alishangaa, akatutazama tulivyopanga mstari ukutani. Lakini akakubali. "Minza," alisema, "mwenye nyumba hayupo. Hapa unakaa kwa nani?"

"Kwa hawa watatu."

"Hukuwazaa."

"Sikuwazaa."

"Wana ndugu zao. Mama anakusubiri. Wewe bado kijana, utaolewa."

"Labda," ulisema. "Lakini kesho asubuhi wakiamka, mimi nitakuwa njiani, na hawa watakuwa wanagawanywa. Nimeshafikili. Sitaki."

Akasema hilo si la kuamua wewe peke yako. Ukakubali kwamba ni kweli. Ukanigeukia. "Yustina, wewe ndiye mkubwa. Unasemaje?"

Hujawahi kujua nilichopitia pale, Mama. Nilikuwa na neno moja ambalo nilikuwa sijawahi kulitamka kwako, na sasa nililihitaji, na likanikwama. Nilitoka nje. Najua ulidhani nimekukataa, niliona mabega yako. Nilikwenda jikoni. Nikachukua maji ya kunawa na bakuli, nikarudi, nikapiga magoti mbele ya yule mtu mwenye vumbi.

Nikasema, "Mjomba, karibu unawe. Chakula kipo."

Alikaa na mikono yake hewani. Alikutazama wewe, akanitazama mimi. Akanawa, taratibu sana, kila kidole. "Asante, mpwa wangu," alisema. Hakuizungumzia tena safari. Wewe ulikuwa umegeukia ukutani.

Alipoondoka asubuhi ulituuliza sisi kwanza kama tunaweza kumpa kuku. Pasko ndiye aliyechagua, akamchagua yule mwekundu, akamfunga mwenyewe kwenye baiskeli.

Hayo mengine unayajua. Baba mkubwa alipokuja baada ya mavuno hakututenganisha. Hukuolewa tena. Kijiji kikaanza kukuita Mama Yustina, na mwaka hadi mwaka hapakukosa mayai nyuma ya mlango wala mtoto wa jirani aliyekaa mbele yake na mikono nyuma. Nilipoanza kufundisha chekechea kule Kanazi ulikuja na tenga, ukakaa na darasa langu siku tatu nzima, na walimu walidhani wewe ndiye mkaguzi.

Mama, kuna jambo moja linanikera. Katika miaka yote hii Mjomba ndiye aliyekuja kwetu. Sisi hatukwenda kwenu hata mara moja. Kila mara palikuwa na shule, palikuwa na mimba, palikuwa na mvua. Ulipofariki alikuwa kitandani, miguu haimbebi, na habari ya kifo chako aliipata kwa simu, na simu ikakatika. Hilo halifai. Wewe hukutuachia habari zije kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuahidi. Nimeshaongea na Deo, na Pasko ameomba ruhusa kazini. Maharage yakishatoka shambani tutakwenda sote watatu, tukae na Mjomba kitandani pake, tumwambie kwa midomo yetu: kwamba ilikuwa kifua, kwamba ilikuwa siku nne, kwamba ulikunywa uji asubuhi ile na kumwambia Deo abadilishe shati. Kwamba mkono wako ulikuwa mkononi mwangu. Nitamwambia yote, hata yale magumu.

Kule kwenu hawamjui Mama Yustina. Tukishuka watauliza wageni hawa ni wa nani. Mimi ndiye mkubwa, nitajibu mimi. Nitasema sisi ni watoto wa Minza.

Lala salama, Mama. Kazi uliimaliza.

Mwanao,
Yustina